Mgahawa wa mtaani nilioupenda umeniaibisha mbele ya wageni, shida ni nini?

Swali nililoletewa nalifupisha hivi. Dada mmoja anasema jirani na anapoishi kuna mgahawa mdogo wa kawaida, una meza kama kumi, alienda siku ya kazi mchana akiwa peke yake akala akafurahi mno, baada ya siku mbili akarudi akakuta vilevile. Basi Jumamosi usiku akawapeleka ndugu, jumla walikuwa watu wanane na wakwe zake wamo. Wakakaa lisaa limoja na nusu, chakula kikawa kinaletwa kimoja kimoja, huyu anakula yule anamwangalia, vya kukaanga vimelowa mafuta, supu chumvi tupu, na kelele mpaka mama mkwe akawa anaomba kila neno lirudiwe. Anauliza, je wamebadilisha mpishi? Au yeye ndo alidanganyika toka mwanzo? Na mtu anajuaje mgahawa wa kuaminika kabla hajawabeba watu?

Dada yangu pole sana. Nikujibu moja kwa moja, kwa maelezo yako sioni kama ulidanganyika, na mpishi kuna uwezekano mkubwa ni yule yule. Chakula cha mchana na cha Jumamosi usiku kimetoka jiko moja lakini ni kama umekula migahawa miwili, kwasababu mgahawa mdogo unabadilika kwa saa, kwa siku na kwa idadi ya watu walioketi, na wateja wengi hawalijui hilo mpaka yawakute kama yalivyokukuta wewe. Mimi nimepika kwenye majiko ya namna hiyo miaka mingi kabla sijaanza kuwafundisha wenye migahawa, usiku kama huo wa kwenu nimeuona kutokea upande wa ndani mara nyingi tu, kwahiyo ngoja nikuingize jikoni.

Jiko la mgahawa wa meza kumi mara nyingi lina watu wawili, wakizidi sana watatu. Na kazi kubwa ya mpishi haifanyiki pale unapoagiza, imefanyika kabla hujatoka nyumbani: vitunguu vimeshakatwa, nyama imeshagawanywa mafungu, mchuzi wa kuanzia uko tayari, vyombo viko karibu na mkono. Maandalizi hayo yanakadiriwa kwa siku ya kawaida, kwasababu ukiandaa kupita kiasi kinachobaki ni hasara, na faida ya migahawa hii ni nyembamba sana, hawana pa kuificha hasara hiyo. Mteja akiingia peke yake mchana anaagiza, mpishi anachukua fungu, anapika, anaonja, anapakua. Sahani yako siku ile aliikazia macho mwanzo mpaka mwisho. Ndo maana ukafurahi.

Sasa Jumamosi mmeingia wanane kwa mpigo na kila mtu kaagiza chake. Tuseme watatu mmeagiza vya kukaanga. Mafuta ya kukaangia yanatakiwa yawe kwenye nyuzijoto kama 175 hadi 190 hivi, ukitumbukiza vitu vingi vya baridi kwa pamoja joto linashuka ghafla, chakula badala ya kukauka nje kinakaa kinanyonya mafuta, mpishi anakisubirisha zaidi ili kiive, kinakuja mezani kimelegea na kizito. Kwenye kikaango cha nyama ni hivyohivyo, ukijaza sana nyama inatoa maji, maji yanapoza kikaango, nyama inachemka badala ya kupata ule ukoko wa kahawia wenye ladha. Mpishi anajua kabisa kwamba angetakiwa afanye kwa mafungu mawili matatu, lakini ameshaona karatasi za oda zimepangana mbele yake na weita ameshamuuliza mara mbili "vya meza ya wanane vipi?"

Alafu hilo la kula kwa zamu. Vyakula vinane tofauti vina muda tofauti wa kuiva, kimoja dakika sita, kingine dakika ishirini na tano, na ili vitoke pamoja lazima awepo mtu anayehesabu kipi kianze saa ngapi. Hoteli kubwa zina mtu wa kazi hiyo tu, anasimama panapotokea chakula anapanga nini kitoke na nini, na majiko yenyewe yamegawanywa vituo kila mmoja na chake, mpangilio ambao Mfaransa Auguste Escoffier ndo anasifika kwa kuusimika mwishoni mwa karne ya 19. Mgahawa wako hauna huyo mtu. Mpishi ndo anapika, ndo anahesabu, ndo anapakua. Akipakua kilichoiva kwanza na kukiacha kisubiri wenzake kinapoa, akikitoa mapema mnakula kwa zamu, na wengi wanachagua kukitoa kwasababu chakula kilichopoa kinarudishwa.

Na kuna wateja ambao hamkuwaona kabisa. Ukiingia ukakuta meza nne tupu unasema hapa hakuna watu, kumbe jikoni kuna oda kumi na mbili zimeingia kwa simu na kwa apu za delivari, na waendesha pikipiki wamejipanga nje. Hii imebadilisha sana biashara ya migahawa midogo, zamani mpishi akichungulia ukumbini alijua kabisa kazi iliyo mbele yake, saivi nusu ya foleni haionekani kwa macho. Kwahiyo ukifika mahali usihesabu meza tu, angalia pale kaunta kuna mifuko mingapi inasubiri kuchukuliwa.

Supu nayo naomba niielezee kwa kituo kwasababu wewe umeandika "walimwaga chumvi makusudi". Hakuna aliyekumwagia dada. Supu ikishaungwa asubuhi huwa inakaa kwenye moto mdogo siku nzima, maji yanatoka kama mvuke, chumvi haitoki. Ikipungua kwa robo tu, chumvi iliyokuwa ya sufuria nzima sasa iko kwenye robo tatu, ndo maana saa saba mchana iko sawa na saa tatu usiku haimezeki. Hapohapo mpishi ameonja chumvi toka asubuhi, na ulimi ukishazoea chumvi unaacha kuisikia vizuri, anaonja anaona iko vizuri na anasema kweli kwa ulimi wake. Dawa yake ni ndogo mno, kuongeza maji ya moto kidogo kidogo na kumpa mtu mwingine aonje. Mgahawa unaofanya hivyo usiku utaujua kwenye kijiko cha kwanza.

Kelele je? Kuna kitu kinaitwa athari ya Lombard, kwa jina la daktari wa Kifaransa Étienne Lombard aliyeieleza mwaka 1911: mtu akiwa kwenye kelele anapandisha sauti bila kujua. Sasa ukumbi wa sakafu ya vigae, kuta tupu, meza ngumu, hakuna pazia wala kitambaa, sauti inagonga inarudi, meza ya pili inapandisha kuishinda ya kwanza, ya tatu inawashinda wote, kila mtu anapiga kelele na hakuna aliyekusudia. Mazungumzo ya kawaida ni kama desibeli 60, na kila zikiongezeka 10 sikio linasikia kama sauti imezidi maradufu. Watu wazima wanaumia zaidi kwasababu masikio ya uzeeni yanashindwa kuchambua neno moja katikati ya maneno mengi, kwahiyo mama mkwe wako huenda nyumbani anasikia vizuri kabisa na pale akawa hapati kitu. Na kelele inaingia mpaka kwenye ladha, mwaka 2015 watafiti wa chuo kikuu cha Cornell, Marekani, waliwaonjesha watu huku wakiwasikilizisha mvumo kama wa ndani ya ndege, wa desibeli 85 hivi, utamu wa sukari ukasikika hafifu kuliko kawaida. Siku nyingine omba meza ya pembeni yenye ukuta mgongoni, mbali na spika na mbali na mlango wa jikoni, na mzee mkalishe yeye ukutani awaangalie wote usoni, maana anayesikia kwa shida anasaidika sana na kuona midomo. Muombe mhudumu apunguze muziki pia. Wanapunguza, watu tu hawaombi.

Mpaka hapo niliyoyataja yote mi ningeyasamehe. Kuchelewa, kulowa mafuta, chumvi, kelele, ni mambo ya jiko lililozidiwa. Lakini kuna mambo ambayo siyasamehe hata siku moja, na ndo ya kukagua kabla hujapeleka watu, hasa wazee, watoto wadogo na wajawazito.

La kwanza ni joto la chakula. Chakula cha moto kiwe cha moto kweli na cha baridi kiwe cha baridi kweli. Shirika la Afya Duniani linasema bakteria wanazaliana kwa kasi kati ya nyuzijoto 5 na 60, na chakula kilichopikwa kisikae kwenye hewa ya kawaida zaidi ya masaa 2. Kwahiyo kama ni mahali pa kujipakulia na masufuria hayana moto chini, mvuke hauonekani, na ukiuliza kimepikwa saa ngapi mtu anababaika, ondoka. Wali ndo watu wanaudharau zaidi. Kuna bakteria anaitwa Bacillus cereus, mbegu zake hazifi kwa kuchemshwa, wali ukiachwa mezani masaa mengi zinaamka na kutoa sumu ya kutapisha, na sumu hiyo hata ukiupasha wali mpaka utoe moshi haiondoki. Watu wanasema "si umepashwa?" Kupasha hakusaidii kama ulishaachwa nje. Niliwahi kukaa mahali fulani, sipataji, mhudumu akaniambia kwa upendo kabisa kwamba wali wa jana ndo mtamu zaidi na unashinda pale juu ya kabati toka usiku. Nilimshukuru, nikamweleza kwanini hapana, nikaenda kuongea na mwenye mgahawa pembeni bila kumfokea mtu, maana yule binti hakuwahi kufundishwa.

La pili ni mikono. Kabla hujaagiza nenda kanawe. Hapo utaona kama kuna maji yanayotiririka na sabuni, na kama sehemu ya wateja haina sabuni basi jikoni nako nina wasiwasi napo. Chupa ya sanitaiza peke yake hainitoshi, kuna kirusi kinaitwa norovirus, kinaongoza kwa kuharisha na kutapisha watu wanaokula pamoja, na sanitaiza za spiriti hazikimudu vizuri, kinachotakiwa ni kunawa kwa sabuni na maji. Na mhudumu anayepokea pesa alafu kwa mkono huohuo anagusa mkate wako, hapo mi nasimama.

La tatu ni mafuta yaliyochoka. Haya unayanusa kabla hujakaa, harufu kali inayokwama kooni na moshi wa bluu bluu pale jikoni wakati moto sio mkubwa. Mafuta yakitumika mara nyingi yanaanza kutoa moshi kwenye joto dogo kuliko mwanzo, kwahiyo moshi wa mapema ni ushahidi.

Ukiona hayo matatu yako sawa, mengine ni ya kuzoeana. Menyu fupi inanipa imani zaidi kuliko kitabu cha kurasa nane, maana jiko la watu wawili haliwezi kuwa na vyakula sabini vyote vibichi, lazima vingine vimekaa friza muda mrefu vinasubiri mtu mmoja wa mwezi. Agiza kile unachokiona kinatoka kwenda kila meza, kile kinapikwa na kuisha siku hiyohiyo. Na muulize mhudumu swali la wazi, "leo kipi kimepikwa karibuni?" badala ya "kipi kizuri?" kwasababu la pili wote wanajibu vyote vizuri.

Umeuliza pia kuhusu nyota za mtandaoni, kwamba mgahawa ule ulikuwa na nyota nyingi. Nyota zina nguvu kubwa kwenye biashara hii, mtafiti Michael Luca, wakati ule akiwa chuo kikuu cha Harvard, aliangalia migahawa ya mji wa Seattle, Marekani, akakuta nyota moja zaidi kwenye Yelp, mtandao ambao wateja wanaandika maoni yao, inapandisha mapato kwa asilimia 5 hadi 9, na nguvu hiyo iko kwa migahawa ya watu binafsi, sio ile yenye matawi mengi. Pesa ikishakuwa hapo kishawishi cha kujiandikia sifa kipo. Usiangalie jumla ya nyota, soma waliotoa tatu, hao wanaeleza kilichopendeza na kilichowaudhi, na angalia wameenda siku gani saa ngapi. Ukikuta kila lawama ni ya Jumamosi usiku na kila sifa ni ya mchana, umeshapata jibu lako bila kwenda.

Sasa tuje kwenye kuwapeleka watu. Kitu ambacho ningekuomba sana dada, usihukumu wala usialike kwa mlo wa mchana peke yake. Nenda mara moja kwenye saa ile ile na siku ile ile unayotaka kuwapeleka wageni, hata kama utakunywa kitu kidogo tu, ukae nusu saa uangalie. Ukiridhika, piga simu siku moja au mbili kabla, sema mko wanane, mnafika saa ngapi, kuna mzee, kuna mtoto, na kama kuna mtu chakula fulani kinamdhuru litaje hilo kwanza kabla ya yote, alafu siku yenyewe ulirudie kwa mhudumu. Huyo wa kudhurika na chakula asitegemee kauli ya "sidhani kama kimo". Jibu likiwa na "sidhani" ndani yake aagize kitu kingine.

Alafu punguzeni aina za oda. Hii ni siri ndogo ya sisi tuliopika. Watu wanane wakiagiza aina tatu za vyakula, sahani kubwa za kugawana katikati, jiko la watu wawili linawahudumia vizuri ajabu, mpishi anapika sufuria moja kwa uangalifu badala ya vikaango vinane kwa mbio. Mkiweza agizeni kabisa kwenye simu. Na njooni mapema, nusu saa kabla ya wimbi la watu, kwasababu mgahawa ukishajaa foleni ya oda haishuki mpaka karibu na kufunga.

Likitokea baya lisemeni pale pale, mapema, kwa sauti ndogo, na liwe jambo moja linaloeleweka. "Supu imezidi chumvi, naomba mnibadilishie" inatekelezeka. "Chakula chenu kibaya" haitekelezeki, mhudumu anabaki kusimama tu. Wewe umeniambia mlikula mkalipa mkaondoka bila neno, ukaandika mtandaoni usiku ule ule. Nakuelewa, ulikuwa na hasira na aibu ya wakwe, ila mwenye mgahawa hakupata nafasi ya kurekebisha hata kijiko. Na migahawa hii ni dhaifu kuliko inavyoonekana. Utafiti wa H. G. Parsa na wenzake uliotoka 2005, waliofuatilia migahawa ya mji wa Columbus huko Marekani, ulikuta kama 26 katika kila 100 ilifungwa au kubadilisha mwenyewe ndani ya mwaka wa kwanza, na ikifika mwaka wa tatu ni karibu 60. Sisemi usile kwa huruma, pesa yako umeifanyia kazi. Nasema aliyekupikia vizuri mara mbili anastahili kuambiwa ya tatu ilikwenda vibaya wapi.

Kwa hiyo mi ningerudi. Siku ya kazi mchana, kama saa nane na nusu hivi wimbi likishapita, mwenye mgahawa akiwa amekaa anapumua. Mweleze kilichotokea Jumamosi kama ulivyonieleza mimi, supu, mafuta, lisaa na nusu. Akianza kukwambia wageni wako ndo wasumbufu, basi huyo muache na utafute kwingine. Akikuuliza mlikaa meza gani na mliagiza nini, hapo una mtu wa kufanya naye kazi, panga naye siku tulivu katikati ya wiki, aina tatu za chakula, meza ya ukutani, na mama mkwe muagizie kile kile ulichokula wewe siku ile ya kwanza.